Chini ya Paa la Kasarani

Huku kwetu Ainabkoi mpira wa wavu huchezwa kwa kuibia mvua. Muhula wa pili, msimu wa mashindano ya shule, asubuhi huamka na jua la kudanganya. Ikifika saa nane mchana mawingu yamekwisha kushuka kutoka upande wa Timboroa, na refa anaangalia juu zaidi ya anavyoangalia wavu. Nguzo zetu ni za mkalitusi, mistari ni ya majivu, na uwanja ni nyasi iliyokanyagwa mpaka ikawa tope. Tukimaliza seti ya kwanza tunashukuru. Ya pili ni majaliwa.

Ndiyo maana siku nilipowapeleka wasichana wa timu yetu Nairobi kutazama mechi ya ligi katika ukumbi wa ndani wa Kasarani, swali la kwanza halikuhusu wachezaji. Msichana mmoja wa kidato cha pili alichuchumaa kando ya uwanja, akapitisha kiganja juu ya sakafu, akakigeuza kukitazama. Kilikuwa kikavu. Akaniuliza, "Mwalimu, hapa mvua ikinyesha mechi haisimami?"

Nikamwambia haisimami. Usiku ule nilijua jibu langu lilikuwa fupi mno. Agosti 2027 ukumbi huo utatimiza miaka 40 tangu Afrika nzima iliposhindana Kasarani, na katika miaka hiyo umebeba mengi kuliko michezo. Nayaandika hapa kwa ajili ya yule msichana, na kwa ajili yetu sisi wa Ainabkoi na Eldoret ambao juzi tu tumeanza kuitwa watu wa jiji.

Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wageni

Kasarani ilizaliwa na mwaliko. Kenya ilikuwa imekubali kuandaa Michezo ya nne ya Afrika, na mwenye kualika sharti awe na sebule. Uwanja wa Taifa wa Nyayo ulikuwa umefunguliwa mwaka 1983, lakini michezo ya bara zima ilihitaji kituo kamili: uwanja wa riadha na kandanda, bwawa la kuogelea, ukumbi wa michezo ya ndani, na mahali pa kulala. Serikali ikashirikiana na China, na kaskazini-mashariki mwa Nairobi, kando ya barabara ya Thika, kikainuka kituo kilichopewa jina la rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Uwanja mkubwa ulikusudiwa watu 60,000. Ukumbi wa ndani ulipewa viti 5,000.

Michezo ilianza tarehe 1 Agosti 1987 na kumalizika tarehe 12. Waliokuwa watu wazima wakati huo hukumbuka zaidi fainali ya kandanda, timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ilipofungwa na Misri bao moja kwa bila, na kilio kilichofuata. Simulizi zote ni za uwanja mkubwa. Ukumbi ulibaki pembeni kama kitinda mimba ambaye wageni hawamuulizi jina. Lakini wageni walipoondoka na bendera kushushwa, ndio uliobaki na kazi ya kila wiki. Uwanja mkubwa kama ule hujaa siku chache kwa mwaka. Ukumbi wa watu 5,000 unaweza kupokea timu mbili za wasichana siku ya Jumamosi ya kawaida na usijione mtupu.

Septemba 1993 ulipata heshima yake wenyewe. Nairobi iliandaa mashindano ya mpira wa kikapu ya mataifa ya Afrika, na vijana wa Kenya wakamaliza katika nafasi ya nne, nyuma ya mabingwa Angola. Katika mashindano hayo timu ya wanaume ya Kenya haijawahi kufika juu zaidi ya hapo. Vijana wale hawakuwa na ligi tajiri wala mishahara ya maana. Walikuwa na watu wao, karibu kiasi cha kuguswa mkono, na paa lililorudisha kila shangwe chini masikioni mwao. Hiyo ndiyo siri ya ukumbi wa ndani. Uwanjani kelele huenda mbinguni. Ukumbini humrudia mchezaji.

Nyumbani kwa Malkia

Waliouelewa ukumbi huu kuliko wote ni wanawake wa mpira wa wavu. Timu ya taifa, Malkia Strikers, ilitwaa ubingwa wa Afrika mara nne katika miaka ya tisini: 1991, 1993, 1995 na 1997. Ubingwa huo wote ulitafutwa ugenini. Mwaka 2000 timu ikaenda Olimpiki ya Sydney, Violet Barasa akiwa kikosini, na mwaka 2004 ikaenda Athens.

Kisha ikaja zamu ya nyumbani. Nairobi iliandaa ubingwa wa Afrika wa wanawake mwaka 2007, ikauandaa tena mwaka 2011, 2013 na 2015, na mara zote nne kombe halikupanda ndege. Lilibaki hapa. Hapo ndipo mpira wa wavu ulipopata mashabiki ambao hawakuwa ndugu wa wachezaji. Nawakumbuka wale waliokuwa wakija na vuvuzela na ngoma, wakijua kila mchezaji kwa jina lake la kwanza, wakisimama kabla hata ya mpira kutua kwa sababu mkono ulivyopanda tu walikwisha kujua utatua wapi.

Majina mengine yameingia kwenye kuta zile bila kuandikwa. Janet Wanja, aliyekuwa mpangaji wa mipira katika kikosi cha Athens na ambaye baadaye alirudi kuwanoa wadogo zake, alitutoka Desemba 2024. Violet Barasa alikuwa amekwisha kutangulia mwaka 2007. Timu waliyoiachia njia ikaenda Olimpiki ya Tokyo na ya Paris, na mwaka 2023 ikaurudisha ubingwa wa Afrika kutoka Yaoundé, wa kumi kwa hesabu.

Mechi niliyowapeleka wasichana wangu haikuwa ya kimataifa. Ilikuwa ya ligi tu, na viti vingi vilikuwa wazi. Lakini kuna vitu ambavyo televisheni haiwezi kuleta Ainabkoi. Ni mlio wa viatu kwenye sakafu, mfupi na mkali, kama kifaranga anayeita. Ni kishindo cha mpira ukipigwa kwa nguvu zote, ambacho hukisikii kwa sikio pekee, unakisikia kifuani. Ni mchezaji aliyeanguka kuokoa mpira, akateleza kwa tumbo hatua mbili, akasimama bila kujipangusa, kwa kuwa hapakuwa na tope la kupangusa. Wasichana wangu walitazamana. Mtu kujitupa hivyo kwa hiari! Kwetu ukijitupa unarudi nyumbani na sketi ya kufuliwa na goti la kupakwa dawa, kwa hiyo mtoto hujifunza mapema kuuacha mpira uende. Nimekuwa nikiwakaripia kwa uvivu. Siku ile niliona kwamba si uvivu. Ni ardhi iliyowafundisha.

Paa la maamuzi

Ukumbi wenye viti 5,000 ndani ya Nairobi haukuweza kuachiwa wanamichezo peke yao. Vyama vya siasa viliuona mapema, na leo mtu wa Eldoret asiyejua hata sheria moja ya mpira wa wavu anapolisikia neno Kasarani huwaza wajumbe.

Tarehe 18 Machi 2002 KANU ilikutana huko kuungana na chama cha NDP. Moi akawa mwenyekiti na Raila Odinga akawa katibu mkuu. Nafasi nne za umakamu mwenyekiti zikaenda kwa Uhuru Kenyatta, Kalonzo Musyoka, Musalia Mudavadi na Katana Ngala. Makamu wa Rais, Profesa George Saitoti, alijikuta nje ya orodha mbele ya macho ya taifa. Miezi saba baadaye, tarehe 14 Oktoba, wajumbe walirudi Kasarani kumwidhinisha Uhuru Kenyatta agombee urais. Siku hiyohiyo, katikati ya jiji, umati wa Uhuru Park ulimsikia Raila akimnadi Mwai Kibaki. Nchi ilikuwa imegawanyika kati ya waliokuwa chini ya paa na waliokuwa juani. Desemba ilipofika, wa juani wakashinda.

Septemba 2007 ikawa zamu ya ODM kuchagua mgombea huko Kasarani. Raila alishinda, na miongoni mwa aliowashinda alikuwemo William Ruto, mbunge wa hapa kwetu Eldoret Kaskazini. Watu wa Uasin Gishu waliokwenda kama wajumbe walirudi na kofia za chungwa na sauti zilizokauka. Hakuna aliyejua mwaka ule ungeishaje.

Sisi tunajua. Ukitoka Ainabkoi kwenda Nairobi unapita Burnt Forest, na mtu wa rika langu hapiti Burnt Forest bila kukumbuka. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki iliyozichunguza ilihesabu watu 1,133 waliopoteza maisha nchini, na Uasin Gishu ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia zaidi. Silaumu ukumbi. Ukumbi haupigi kura wala haushiki panga. Lakini yanayosemwa mbele ya vipaza sauti vya Nairobi hushuka na barabara mpaka kwenye vijiji vyetu, na mara nyingi hufika yakiwa makali kuliko yalivyotoka. Kila nionapo picha za wajumbe wakishangilia pale, natamani wangekaa kwanza dakika kumi watazame mechi moja ya mpira wa wavu. Timu mbili zinapigana kufa na kupona, na katikati yao kuna wavu ambao hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Mwisho wanapita chini yake wote, wanapeana mikono.

Vikao viliendelea. Septemba 2016 vyama kadhaa vilijivunja Kasarani na kuzaa chama cha Jubilee. Machi 2022 wajumbe wa UDA walikutana huko kumpitisha Ruto, na tarehe 13 Septemba mwaka huohuo aliapishwa katika uwanja mkubwa, hatua chache kutoka ukumbini, mahali ambapo Uhuru Kenyatta alikuwa ameapishwa Aprili 2013 na Novemba 2017. Papa Francis alikutana na vijana kwenye uwanja huohuo tarehe 27 Novemba 2015.

Na historia isiyotaja aibu ni nusu historia. Aprili 2014, wakati wa operesheni ya Usalama Watch, Kasarani iligeuzwa mahali pa kuwazuilia watu, wengi wao Wasomali waliokusanywa mitaani, wengine wakiwa na watoto, wakisubiri karatasi zao zikaguliwe. Kituo kilichojengwa ili Afrika ipokelewe kilifungwa mageti ili majirani wahojiwe. Nimewaeleza wanafunzi wangu hilo pia. Jengo la umma ni kama mtu. Linapimwa kwa siku zake zote.

Jiji lililouzunguka ukumbi

Kwa mtoto wa Ainabkoi, safari ya Kasarani ni safari ya kushuka. Tuliondoka alfajiri, ukungu ukiwa umelala juu ya viazi. Gari lilipanda kwanza hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, kandokando ya ile reli iliyofika Eldoret mwaka 1924, kisha likaanza kuteremka: Mau Summit, Salgaa, Nakuru, Naivasha. Kila mji masweta yalipungua. Tulipofika Nairobi wasichana walikuwa wamebaki na mashati ya shule.

Jiji lenyewe nalo ni mtoto wa reli. Mwaka 1899 Nairobi ilikuwa kambi ya wajenzi mahali ambapo Wamaasai walipaita kwa jina la maji baridi. Mwaka 1950 ikapewa hadhi ya jiji. Nilitaka wasichana waione kwa miguu kabla ya kuiona kwa televisheni tena, kwa hiyo kwanza tulishuka mjini. Tulisimama mbele ya sanamu ya Tom Mboya kwenye barabara ya Moi, karibu na mahali alipouawa mwaka 1969. Tukaingia jengo la Nyaraka za Taifa, ambamo mkusanyo wa Joseph Murumbi wa vitu vya sanaa vya Afrika umetunzwa. Tukamalizia kwenye jumba la makumbusho la reli, wasichana wakapanda vichwa vya treni vya mvuke na kuuliza kama ni hivi vilivyokuwa vikipita Ainabkoi.

Kisha tukapanda matatu namba 17B, iliyochorwa mpaka kwenye magurudumu, muziki ukitetemesha vioo. Barabara ya Thika ina leni nane tangu ilipozinduliwa upya mwaka 2012, na jiji limekimbilia kandokando yake kama maji yaliyopata mfereji. Pangani, Muthaiga, halafu upande wa kushoto miti mirefu ya msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 wakapigwa hadi damu ikamwagika. Niliwaonyesha. Kwetu tunajua thamani ya msitu, na tunajua pia jinsi msitu unavyokwisha. Halafu Ruaraka na kiwanda chake cha bia, maduka makubwa, na magorofa ya kupanga ya Roysambu na Kasarani yaliyobanana hadi nguo za jirani wawili zinakauka kwenye kamba moja.

Uwanja ulipojengwa, haya magorofa hayakuwapo. Sasa yameuzunguka pande zote, na huo ndio uzuri wake. Watoto wa Mwiki na Zimmerman hawaendi Kasarani kwa basi la shule na barua ya ruhusa. Wanatembea. Wengine wanauza karanga na maji getini, wanasikia kelele za ndani, na jioni wanaigiza walichokisikia kwa mpira wa karatasi na nailoni kwenye vichochoro. Mlinzi wa geti alituuliza tumetoka wapi. Nilipomtajia Ainabkoi uso wake ulifunguka. "Chamgei, mwalimu!" akasema, kisha akawageukia wasichana. "Karibuni sana, wasichana wangu. Mkirudi mwakani mje kucheza, si kutazama." Hawakuacha kuyarudia maneno hayo ya mwisho njia nzima.

Paa halijitunzi

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba kila siku ya ukumbi huu ilikuwa njema. Jengo la umma huzeeka haraka kuliko la mtu binafsi, kwa kuwa kila mtu hulitumia na kila mtu hudhani mwingine atafagia. Ulipita wakati ambapo kituo kizima kilichakaa, na Kenya ililipa kwa kutotunza na kutokamilisha mambo yake: ilinyang'anywa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, na yakatokea hayohayo kwa mashindano ya kandanda ya CHAN ya 2018. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ukarabati mkubwa ulifanywa, tena kwa ushirikiano na China. Mwaka 2013 Sheria ya Michezo ilileta taasisi ya Sports Kenya, ambayo ndiyo inayosimamia kituo, na kampuni ya Safaricom ikalipia jina lake kuwekwa kwenye uwanja kwa muda. Agosti 2025 CHAN hatimaye ilikuja, ikiandaliwa kwa pamoja na Tanzania na Uganda, na fainali ikachezwa Kasarani, Morocco ikiifunga Madagascar mabao 3 kwa 2.

Somo la miaka hiyo yote ni moja. Kujenga ni kazi ya miaka mitano. Kutunza ni kazi isiyo na utepe wa kukata. Ukumbi wa Kasarani umedumu kwa sababu kila kizazi kilipata jambo la kufanya ndani yake, na kwa sababu kuna watu wasioandikwa popote ambao hupiga deki sakafu ile kabla ya mechi na kufunga taa baada yake.

Jiji jipya, swali la zamani

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji, la tano nchini. Mji ambao wazee wetu bado wanauita Sisibo, kutokana na namba 64 ya shamba la walowezi, umepanda cheo, na Kapsoya, Kaptagat na Ainabkoi tumepanda nao. Tuna Uwanja wa Kipchoge Keino, uliopewa jina la mtu aliyeleta dhahabu za Olimpiki za 1968 na 1972. Tuna barabara za udongo mwekundu za Kaptagat, ambako Eliud Kipchoge na Faith Kipyegon wamefanyia mazoezi miaka mingi. Dunia nzima inatujua kwa watu wanaokimbia chini ya mbingu iliyo wazi.

Na kwa kuwa mbingu ilitupa sana, tumesahau kudai paa. Mkimbiaji hahitaji ukumbi. Mvua ikinyesha anaongeza kasi. Lakini si kila mtoto wa Ainabkoi ni mkimbiaji. Kuna mrefu anayeweza kuwa mpangaji wa mipira, kuna mwenye mkono wa kikapu, kuna mwenye ngumi. Hao tunawapa jivu la mistari na nguzo za mkalitusi, kisha tunawaambia wasubiri mvua ipite. Jiji si leni za barabara wala urefu wa magorofa. Jiji ni mahali ambapo mtoto wa mtu asiye na chochote anaweza kuingia jengo zuri, akalikuta limefagiliwa, na akaambiwa ni lake.

Seti ya mwisho ya mechi ile mvua ilianza. Niliisikia kabla ya wasichana kuisikia, kwa mazoea ya mwalimu wa Ainabkoi: kwanza mchakarisho juu ya paa, halafu ngurumo moja ndefu. Wasichana wangu wote wakainua vichwa mara moja, kama wanavyofanya nyumbani, mikono ikitafuta masweta. Chini uwanjani hakuna aliyeangalia juu. Mpira ulianzishwa, ukapokelewa, ukapangwa, ukapigwa.

Yule wa kidato cha pili ndiye aliyekuwa wa kwanza kushusha kichwa. Alilirudisha sweta kwenye mfuko, akasogea hadi ukingo wa kiti, akaendelea kutazama.